Shamba la Mjane wa Kambere

"Sema kweli, Mama Jéthro! Jina ya Rébecca uliitosha, uliifuta kwa liste, ao hapana?"

"Sikuitosha. Sikuiandika tu."

"Donc ni ile ile!" Florentine, rafiki yake tangu ujana, alijipiga paja kwa kiganja.

Jokébed aliendelea kuchambua maharage. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa lao hapo Butembo, na ndiye aliyeandika kila Jumatatu ni mjane gani atasaidiwa. Mwaka ule wa 2001, vita vikiendelea, wajane hawakukosekana. Lakini miezi mitano jina la Rébecca halikuonekana, na kila mtu alijua sababu. Marehemu mume wake, Kambere, dereva wa lori, ndiye aliyemwambia Jéthro, mwana wa Jokébed, kwamba barabara ya Eringeti imetulia. Waliviziwa karibu na Mbau, lori likaungua nao. Alichorudishiwa Jokébed azike kilitoshea katika mfuko wa saruji.

"Aliniulia mutoto," Jokébed alisema.

"Rébecca? Rébecca anajua hata kuendesha kinga ya magurudumu mawili?"

"Bwana yake."

"Bwana yake alikufa naye! Unataka afe mara ngapi?"

Jokébed alitupa harage bovu nje ya mlango.

"Na kwa kanisa unafungua kinywa kama samaki," Florentine aliendelea. "Sauti hakuna. Bamama banaona. Pasteur alikuambia ufunge siku tatu, upate tena furaha."

"Nilifunga siku saba. Nilipata tu vidonda ya tumbo."

Kicheko kiliwatoka wote wawili bila kutaka, kifupi, kama kikohozi. Kisha Florentine akauliza polepole, "Wakati tuliokoka, sisi tulifungaka siku ngapi?"

Hawakufunga hata moja. Walikuwa wasichana wa kijiji cha Musienene, wametoka tu kubatizwa. Biblia hawakuijua sana, walijua kulima. Walikuwa wakirauka kwenda kulima shamba la mjane bila kumwambia, kisha wanajificha kwenye mahindi wamwone akitoka. Mjane anashika kichwa, anazunguka shamba, anamwita Yesu kwa sauti. Wao huko mafichoni wanajiuma vidole wasicheke. Walirudi nyumbani wakikimbia kwa furaha. Baadaye zikaja kamati, sare na mihuri. Hakuna aliyeamua kuacha kulima, waliacha tu.

"Tulilimaka," Jokébed alisema.

"Basi. Rébecca alizaa juma tatu zimepita, na alipasuliwa. Jembe hawezi kushika. Mvua iko inapiga, mwezi wa tatu unaisha, na shamba yake ingali pori. Mwezi wa sita atakula nini? Andika jina yake kesho kwa comité, mimi nitanyamaza."

Jokébed aliweka ungo chini. "Kesho tuanze kupiga kura? Tungojee secrétaire atoke Beni? Jembe yako iko wapi?"

"Saa hii? Na ile matope?"

"Weye ndiyo ulikuja kunitukana kwangu. Simama, twende."

Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba ya Rébecca, magugu yamefika magotini. Rébecca alitokea mlangoni na mtoto kifuani. Alipomwona Jokébed ameshika jembe, alirudi nyuma akamfunika mtoto kwa mikono yote miwili. Jambo hilo lilimchoma Jokébed kuliko yote aliyoambiwa na Florentine. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayemwogopa.

"Usikimbie," alisema. Alitaka kuongeza neno la msamaha, likakataa kuja. "Mbegu uko nayo?"

"Iko kidogo, mama."

"Lete."

Wakaanza kulima. Mwanzoni Jokébed alilima kwa hasira, akikata magugu kama anayelipiza, akimwona Kambere katika kila shina. Jéthro hakurudi kwa hilo. Angebaki kule Mbau siku zote. Lakini katika mstari wa tatu, mgongo unawaka moto na matope yamepanda vifundoni, kifua chake kililegea. Hakuimba. Ila kile kitu cha Musienene alikitambua: kimekonda, kimezeeka kama yeye, lakini ni kile kile.

Rébecca alileta mbegu katika bakuli, akaiweka ukingoni. Florentine akatangulia kuchimba mashimo. Jokébed aliinama nyuma yake, akadondosha maharage mawili mawili katika kila shimo na kuyafunika kwa mguu.