Maneno Yaliyotua Mpungani

Waya wa mawasiliano uliokatwa na greda karibu na daraja la Ndundu ulikuwa umeungwa asubuhi ile, na Nasma, fundi wa mitandao pale Kibiti, alikuwa akimnyonyesha mwanawe huku akitazama kompyuta. Ruta ya Ikwiriri, mtambo unaoelekeza mawasiliano, ilizinduka na papo hapo ikawatangazia wenzake: njia fupi iko wazi, piteni huku. Simu zote za delta zikageukia huko. Lakini lebo, zile alama zinazouelekeza kila mzigo wa maneno ushike kituo gani mbele, zilikuwa bado hazijagawiwa. Mzigo usio na lebo ukifika Ikwiriri hutupwa.

Uliotupwa ulitokea dirishani mwa chumba cha mitambo cha Ikwiriri, sasa ni ndege wadogo wa kijivu. Waliufuata mto mpaka Mbuchi wakatua kwenye mpunga wa Mwantum, mama yake Nasma.

Mwantum alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, akiamia, yaani akifukuza ndege. Alishawazoea. Walikuja kila njia ilipotengenezwa, na walitofautiana na kwelea, wale ndege wala nafaka, kwa jambo moja tu: hawa walikula huku wanasema.

"Shangazi, harusi imesogezwa Ijumaa," alisema mmoja.

Mwantum alivurumisha donge la udongo kwa kombeo. "Harusi yenu kaleni huko huko! Mpunga huu sikumlimia mtu!"

Kundi likaruka. Ndege akifukuzwa, neno lake halirudi tena.

Mmoja alibaki akining'inia kwenye suke. Alisema kwa sauti ya Hadija, nesi wa zahanati: "Hospitali ya Kibiti, tunaomba boti. Yasmin wa Mwantum mtoto amekwama, damu inatoka."

Yasmin, mdogo wake Nasma, alikuwa zahanati tangu alfajiri. Mama yake alikuwa ameambiwa bado mapema, aende tu akaamie.

Mwantum aliangusha kombeo, akakimbia hadi kwenye kijito. Mshamu, kijana wa jirani, alikuwa akikumba maji yaliyoingia kwenye boti yake.

"Shangazi, mbio zote hizo, nguruwe kaingia shamba?"

"Washa mashine, baba! Ndege kasema Yasmin kazidiwa."

"Kasema kwa sauti ya nani?"

"Ya Hadija."

"Basi kweli," alisema Mshamu, akavuta kamba ya mashine.

Zahanatini walimkuta Hadija simu ingali sikioni, anangoja ajibiwe; wakampakia Yasmin, Hadija naye akapanda. Boti ilipokuwa inakata mikoko, lebo zilifika Ikwiriri, simu yake ya pili ikapita, na gari likatumwa kuwapokea. Mtoto alizaliwa hospitali ya Kibiti, wa kike, mwenye kelele. Nasma alifika mbio na mwanawe mgongoni, anacheka na machozi yanamtoka, akawabusu wote mpaka Mshamu akarudi nyuma hatua.

Siku ile ile alimpigia Mudrick, mkubwa wake aliyeko Dar es Salaam.

"Bosi, niruhusu niongeze mistari miwili tu ya amri. Ruta iseme njia yake ni ndefu mno mpaka lebo zifike. Mtu hupiga hodi, akangoja aambiwe karibu, ndipo aingie."

"Dada Nasma, hapo ripoti itaonyesha njia imechelewa kufunguka. Wakubwa wanaisoma ripoti."

"Na wale ndege?"

"Hao mpelekee bwana shamba."

Bwana shamba alikuja, akawasikiliza, akasema maneno hayana dawa ya kupuliza, wavune mapema.

Wanawake wa Mbuchi walijenga dungu la pili, la kusikilizia. Wakawa wanapanda kwa vicheko, wanagombea nafasi, na aliyesikia jina analolijua aliteremka mbio kulipeleka. Mpunga uliliwa kidogo, wakasamehe.

Kabla ya mavuno greda likakata waya tena, mafundi wakauunga tena. Nasma aliketi na ile mistari yake miwili tayari, lakini ruhusa ya kuiingiza hakupewa. Njia ikajitangaza. Lebo zilipomaliza kufika, alimpigia mama yake.

"Mama, tumeshaifungua njia."

"Tunajua, mwanangu, wameshatua. Hebu nyamaza kidogo. Kuna mmoja hapa analia, anaita mtu ambaye sie wote hatumjui."