Kifaa cha Tatu

Kompyuta ilikuwa imelazwa ubavu juu ya meza, matumbo nje. Mzee, fundi redio aliyestaafu, aliipuliza vumbi la miaka ya uvunguni, akaichomekea kadi ya mtandao yenye antena mbili, kisha akaiwekea programu huria, ile inayoandikwa na watu wasiojuana na kugawiwa bure. Sasa ingekuwa ruta ya nyumba, ya kuzigawia simu mtandao. Ile ya dukani ilikufa wiki mbili nyuma, na tangu hapo mkewe hakumpa nafasi ya kupumua.

"Mtandao lini, mzee?" Kila asubuhi, kabla hata ya chai.

"Simu yako si ina bando?"

"Nauliza tu."

Jina la mtandao na nywila aliviacha vilevile alivyoviweka binti yao, kitinda mimba, ili asisumbuke kuunganisha simu upya. Ndivyo alivyojiambia. Huu ulikuwa mwezi wa kumi tangu wamzike, na jina lake halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Yeye ndiye aliyelikataza. Nguo, viatu, simu, vyote aliagiza vigawiwe, maana kila alichokiona kilimkata maini. Mkewe aliitikia.

Saa tisa alasiri taa ya kadi ikaanza kupepesa. Kwenye skrini ikatokea orodha ya vifaa vilivyounganishwa: simu yake, simu ya mkewe, na cha tatu kilichoitwa Usiniguse.

Akasogea karibu na skrini. Binti yake ndiye aliyeipa simu yake jina hilo, siku alipomfumania baba mtu akiichokonoa kwa bisibisi. Pembeni palikuwa na kitufe cha kukiondoa kifaa. Kidole kikafika pale, kikagoma.

Chumbani alimkuta mkewe ukingoni mwa kitanda, simu ya marehemu mapajani, waya wa chaji ukitokea kabatini.

"Ulisema umempa mdogo wako."

"Nilikudanganya." Hakuinua uso. "Wenzake bado wanamwandikia, baba. Laini ilishafungwa, umebaki mtandao wa nyumbani tu. Ulipokatika nikaona nimemzika mara ya pili."

Alikuwa amekuja na maneno makali, akayaacha. Miezi kumi alidhani anamkinga mkewe na uchungu, kumbe alimwacha alie peke yake, uso ndani ya kabati. Aibu ilimshika. Akaketi kando yake.

Simu ikatetemeka.

"Nisomee," alisema.

Mkewe alivaa miwani, akasoma polepole. "'Shoga yangu, leo tumemaliza mtihani wa mwisho. Kiti chako hatukumwachia mtu.'"

Mzee alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Mkewe alimshika mkono mpaka kikapungua.

"Huwa unawajibu?" mzee aliuliza hatimaye.

"Nitawajibu kama nani?"