Nne Ni Tatu na Moja

Mwalimu Evaline aliwaita waliojificha nyuma ya mibuni watoke. Wakatoka watatu.

Walipaswa kuwa wanne. Darasa lake la elimu ya awali, huko Machame, lilikuwa na watoto kumi, na asubuhi hiyo aliwatoa nje waigawe kumi kwa miili yao badala ya vizibo vya soda. Sita walikaa mbele yake kwenye nyasi, wanne wakajificha. "Kumi ni sita na nne!" waliimba wote. Akafurahi, na furaha ikamponza. Akawaambia wale wa nyuma ya mibuni, "Haya, nyie wanne, nne ni ngapi na ngapi? Jigaweni wenyewe!"

"Given yuko wapi?" aliuliza sasa.

"Ameenda kuwa moja," alisema Amon.

"Kuwa moja wapi?"

"Sisi ni tatu, Mwalimu, yeye ni moja. Alisema moja akikaa karibu tutaonekana nne. Akavuka mfongo."

Evaline akageukia upande wa mfongo. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani usiku kucha, na mfongo ule, mfereji wa mababu ambao siku nyingine mbuzi huuruka, ulikuwa ukinguruma kama lori. Daraja lake lilikuwa gogo moja tu, tena limelowa.

"Mtu asinifuate! Kila mmoja ashike mbuni wake!"

Alikimbia, midomo ikisema: Bwana Yesu, si huyu. Si kwa mkono wangu, Bwana.

Given alikuwa ng'ambo, ukingoni kabisa, udongo ukimeguka karibu na viatu vyake. Hakuwa akilia. Alikuwa ameinua kidole kimoja juu.

"Mwalimu! Mimi ni moja!"

Yowe lilimfika Evaline kooni, akalimeza. Mtoto akishtuka angeweza kulikimbilia gogo.

"Ndiyo, mama," alisema Evaline. "Sasa rudi nyuma, ukae pale kwenye mgomba."

"Hujasema kama nimepata."

"Nne ni tatu na moja. Umepata, mama. Kaa."

Given akaenda, akakaa. Evaline akavua viatu, akalala kifudifudi juu ya gogo, akatambaa. Maji yalimrukia usoni. Katikati gogo likacheza, akalikumbatia, akafumba macho. Zaburi zote alizozijua zikamtoka kichwani, likabaki Jina moja tu, nalo akalitaja mpaka mkono wake ukagusa majani.

"Umeharibu," Given alinung'unika. "Sasa huku tuko mbili."

Evaline akageuka akatazama mibuni. Tisa walikuwa peke yao kule alikotoka. Akambeba Given mgongoni kwa kanga aliyojifunga kiunoni, kama kichanga, akakaza fundo mara tatu.

"Usijitikise, mama. Hata maji yakikugusa."

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda.

Aliwakuta wameganda kwenye mibuni, Jesse akilia kimyakimya. Aligusa vichwa kimoja kimoja, wa mwisho akiwa yule wa mgongoni. Kumi. Akarudia kuhesabu.

"Mwalimu," Amon aliuliza, "sasa kumi ni ngapi na ngapi?"

"Kumi ni kumi, Amon. Shikaneni mikono."

Given akalalamika kwamba kanga inambana. Evaline hakuifungua mpaka wote walipokuwa ndani na mlango wa darasa umefungwa.