Fundo la Pili kwenye Chupa ya Hamira

Usiku wa jana niliota niko ndani ya chupa yangu ya hamira, na sababu naijua. Jana hiyo asubuhi nilikuwa dirishani, kwetu Kihonda, nafunga uzi mwekundu kwenye hiyo chupa ya majaribio, yenye hamira ya maandazi tu. Fundo moja. Hesabu yangu ilisema hamira ikilishwa kidogokidogo, robo kijiko cha sukari, halafu nusu, halafu kizima, kadiri inavyozaana, basi kesho yake itatuama mpaka usawa wa uzi.

Klabu yetu ya sayansi iko kwenye mashindano ya kupiga hesabu ya kulisha hamira ya maabara, ile iliyopandikizwa maelekezo ya kutengeneza insulini, dawa ya wenye kisukari kama bibi yangu. Kiongozi wetu Leokadia alishaamua sukari yote imwagwe siku ya kwanza. "Mgeni hapimiwi chakula, bwana!" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Baadaye nikamwandikia ujumbe kwamba kakosea, nikaufuta kabla ya kuutuma. Hesabu yake ilikuwa ipelekwe leo saa mbili asubuhi.

Basi, niko kwenye chupa. Ni kubwa kama ukumbi wa harusi. Hamira wamekaa mkekani, wamevaa mashati ya kijivu na wote wana sura moja, maana kwenye daftari niliandika: tuchukulie hamira zote ziko sawa.

"Umefanya mama asimjue mwanawe," mmoja ananilalamikia.

"Samahani," nasema.

Niliandika pia: tuchukulie chupa imekorogwa vizuri, kila tone sawa na jingine. Kwa hiyo Mwalimu Mahimbo, mlezi wa klabu yetu, yuko kila mahali. Nachota kikombe mlangoni, napata mwalimu. Nachota kule pembeni, mwalimu yuleyule na chaki yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," vinaitikia vikombe vyote viwili. "Nani anaisimamia hesabu hii?"

Naangalia miguu yangu.

Kila hamira anatunga shanga kufuata karatasi aliyopewa. Uzi mmoja ukikamilika, hiyo ndiyo insulini. Bibi yuko mlangoni na kadi yake ya kliniki.

"Yangu bado?"

"Bado kidogo, bibi," wanamjibu kwa adabu.

Mara Leokadia anaingia na sinia la sukari, kubwa kuliko mlango. "Kuleni, jamani! Msione aibu!"

Wanakula. Wanaacha shanga. Wanaanza kuimba, wengine wanarushiana shanga za bibi. Mmoja kalala chali, ananuka kama kilabuni.

"Dada, tukivimbiwa tunapika pombe," ananieleza. "Si tabia mbaya. Ndivyo tulivyo."

"Mjukuu wangu," anaita bibi, "nisubiri au nirudi nyumbani?"

Hapo ukumbi umeshakuwa darasa letu, na hakuna aliyesimama. Wote wananitazama. Nafungua mdomo, na sauti inatoka, tena kubwa.

"Sinia litoke nje! Wapewe robo kijiko!"

"Robo?" wanashangaa hamira. "Kwenu kuna msiba?"

"Mkiongezeka, naongeza. Nimepiga hesabu mwenyewe."

Wanalalamika, lakini wanarudi kwenye shanga. Kila mmoja anachipua mwanawe begani, mtoto anashuka na kukaa mkekani. Natoa nusu. Wanachipua tena. Natoa kizima. Hakuna anayeimba. Shanga zinafika mlangoni na bibi anazivaa shingoni.

"Saizi yangu hasa," anasema, na anaondoka bila hata kuaga.

"Nani anaisimamia hesabu hii?" vinauliza vikombe.

"Mimi, mwalimu. Ni yangu."

Hamira mmoja anapanda begani kwa mwenzake, naye kwa mwingine, mpaka wanaufikia uzi mwekundu. Yule wa juu kabisa anafunga fundo.

"La kwanza lilikuwa lako," ananiambia. "Hili ndilo sahihi yetu."

Nikaamka saa kumi na moja na nusu. Nikaenda dirishani peku. Hamira imetuama ndani ya chupa, nyeupe, na usawa wake wa juu umegusa uzi. Haijapungua, haijazidi.

Na uzi una mafundo mawili.

Mama alikuwa bado amelala. Nikachukua simu yake, nikamwandikia Leokadia: "Usipeleke hesabu yako. Yangu imetimia, ninayo kwenye chupa. Nitaieleza mwenyewe mbele ya wote."

Alama mbili zikageuka bluu. Kausoma. Saa moja imefika, hajajibu.

Sijaufuta ujumbe.