Barua ya Kukistaafisha Choo

Choo cha Mzee Népomuscène kilikuwa na sauti. Ukivuta mnyororo, tanki lililoning'inia juu karibu na dari lilinguruma, mabomba yakatetemeka, na nusu ya Quartier 6 ya Ngagara, pale Bujumbura, ikapata habari kwamba mzee amemaliza. Mwenyewe alitoka mle akifunga mkanda, kifua mbele, kama mtu aliyetoka kutia saini mkataba wa nchi mbili.

Ambaye hakuona cha kujivunia hapo ni mkewe, Daphrose. Ngurumo ile ilikula lita kumi na mbili kwa mvuto mmoja, zaidi ya nusu ya bidoni, lile dumu la lita ishirini, na bomba la nyumba yao lilikuwa limezoea kukauka siku nne kwa wiki, tano likiwa na hasira. Siku hizo Daphrose alishuka hadi kwa Mathilde, mtaa wa chini ambako maji hayakatiki ovyo, akajaza bidoni, akajitwika, akapanda nayo. Na kazi haikuishia hapo. Alipanda juu ya kigoda, akainua ndoo kupita kichwa chake, akamimina ndani ya tanki. Kwa nini asimwage tu maji chooni kama watu wengine? Kwa sababu mumewe alishatangaza kwamba kumwaga kwa ndoo ni mambo ya watu wasio na mnyororo.

Msiniulize kwa nini mzee hakupanda kigoda mwenyewe. Miaka yote aliyokuwa afisa wa kuandikisha vizazi na vifo pale komine, ofisi ya tarafa, alikuta faili mezani bila kuuliza nani kazileta. Tanki nalo alilikuta limejaa.

Sasa bega la kulia la Daphrose lilikuwa limechoka na adabu hizo. Daktari mmoja aliuzungusha mkono wake, akamwambia waziwazi: akiendelea kuinua vitu juu ya kichwa, mkono huo hautapanda tena. Daphrose aliogopa kweli. Binti yao wa pekee, Bella, aliyeolewa Gasenyi, alikuwa na mimba ya miezi saba, na Daphrose alikuwa na hamu moja tu duniani: kumbeba mjukuu huyo mgongoni kwa kitenge, kama alivyombeba Bella. Kumrusha mtoto mgongoni kunataka mabega mawili mazima. Yeye alibaki na moja na robo.

Bella na mumewe walishaleta dawa miezi minane iliyopita, ndani ya katoni: choo kipya chenye tanki fupi kwa nyuma na vitufe viwili juu yake, kidogo cha lita tatu, kikubwa cha lita sita. Mzee alishukuru vizuri sana. Kisha akaisukuma katoni kwenye korido na kuweka redio yake juu.

"Hii nyumba nilipewa na serikali, pamoja na liste ya vitu," alisema kila alipoulizwa. "Nilisaini. WC moja, tanki ya juu moja, munyororo moja, hali nzuri. Sasa nitoe? Wakikuja kuuliza nitajibu nini?"

"Nani atakuja kuuliza, Papa Bella? Si ulishainunua hii nyumba, sasa miaka makumi mbili?"

"Kusaini ni kusaini."

Basi Daphrose akaamua kutumia ujanja. Siku moja aliitwa Trésor, fundi bomba kutoka Uvira anayeishi Kamenge, aje kutazama bomba la jikoni. Bomba lilikuwa zima. Daphrose alimwonyesha choo.

Trésor alivuta mnyororo, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mama, hii haiko WC, hii ni ng'ombe. Inakunywa mayi yote ya Bujumbura. We weka chupa tatu za muchanga mule mu tanki. Mayi itaingia kidogo, itatoka kidogo. Muzee hatajua kitu."

Mzee alijua siku ya tatu. Alivuta mnyororo, tanki likakohoa. Akavuta tena, likakohoa tena kwa aibu. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile ifungwe, Népomuscène akapanda kigoda. Alishuka na chupa tatu zinazodondosha maji, akazipanga juu ya meza ya chakula, kando ya sufuria ya maharage, akaenda kutafuta karatasi. Kabla ya jua kuzama Daphrose alikabidhiwa bahasha.

Ilikuwa *demande d'explication*. Wanaoijua serikali wanaijua karatasi hiyo: mtumishi akikosea, mkubwa wake humwandikia kumtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Népomuscène alistaafu kazi, hakustaafu tabia za kazi. Bella alipata yake ya kwanza akiwa na miaka kumi na tano, kwa kuchelewa kurudi kutoka kwaya.

Mke mwingine angeichana. Daphrose aliisoma mara mbili, kisha akaingia jikoni, akafunika mdomo kwa kitenge, akacheka mpaka bega likauma. Alikuwa ameuona mlango. Miaka thelathini na nne amemsemesha mtu huyu kwa mdomo, na maneno yanampita kama upepo. Lakini hakumbuki siku hata moja ambayo mumewe aliacha barua bila jibu.

Hakujieleza. Aliandika, kwa mwandiko wake mzuri wa mwalimu wa shule ya msingi:

*"Kwa Papa Bella. Kuhusu: Ombi la kustaafishwa kwa WC. Kwa heshima zote, naleta mbele yako jina la mtumishi huyu, aliyeanza kazi katika nyumba hii kabla hatujaoana. Umri wake umepita kikomo. Anakohoa, anavuja, na anakula kuliko anavyofanya kazi. Anayemrithi yuko kwenye korido, amewekewa redio kichwani kwa miezi minane, na hajawahi kulalamika."*

Barua ilirudi kesho yake ikiwa na mstari mwekundu: "Papa Bella" si cheo. Akaandika upya, "Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Nyumba." Ikarudi tena: hakuna kiambatisho cha mtaalamu. Akampigia Trésor simu, na Trésor akaleta ripoti yake kwenye karatasi ya daftari: *"Mi Trésor, plombier. Nimeona WC. Imezeeka. Asante."* Mzee aliichunguza ripoti hiyo muda mrefu, akaitoboa matundu mawili, akaiweka kwenye faili.

Halafu siku tatu zikapita. Népomuscène alionekana na kitabu chake cha sheria za watumishi, miwani puani, akisoma na kurudia. Siku ya nne, katikati ya chakula, aliweka kijiko chini.

"Kifungu kiko wazi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumwa. "Mutumishi akifika umri, anaenda. Hata mi nilienda." Akakisukuma kijiko kando. "Lakini haitaenda vile mi nilienda."

"We ulienda namna gani? Si walikufanyia fête? Ulirudi ukasema umekula, umeshiba."

"Apana. Hakukuwa fête. Planton, tarishi wa ofisi, alileta bahasha siku ya ijumaa. Niliporudi mu bureau kuchukua miwani, droo ilishafungwa na ufunguo mupya. Hakuna mutu alinipa mukono. Hata soda."

Daphrose alimtazama mumewe, na kicheko chote alichokuwa amekibana kwa wiki mbili kikakauka. Miaka mitatu mtu huyu amelala kando yake na jambo hilo. Alimhurumia, alimhurumia sana, karibu asahau bega lake. Karibu.

"Basi tukifanyie fête," alisema.

Jumamosi Trésor alifika asubuhi, na saa sita choo kipya kilikuwa mahali pake, kifupi na kimya. Cha zamani kilisuguliwa kikang'aa, kikawekwa juu ya mkeka uani, tanki lake kando na mnyororo umekunjwa vizuri. Saa tisa viti vilijaa. Alikuwepo Révérien, aliyewahi kufanya kazi ofisi moja na mzee. Alikuwepo Bella na tumbo lake, na Mathilde wa mtaa wa chini, na majirani wengine wanne ambao hawakuamini mwaliko wakaja kuhakikisha. Kreti ya bia, kreti ya soda. Huko kwetu hata shimo la takataka likipewa bia na viti, watu watalitolea hotuba.

Kwanza walisongamana mlangoni kuona mrithi. Trésor alibonyeza kitufe kidogo. Maji yakazunguka yakaenda zake, kwa sauti ya mtu anayenong'ona kanisani.

"Hiyo tu?" mzee aliuliza.

"Hiyo tu, Papa. Lita tatu. Kidogo ni ya mambo madogo, kikubwa ni ya mambo makubwa."

"Na nani anaamua?"

"Mwenye mambo," alijibu Trésor, na watu wakacheka mpaka Bella akashika tumbo.

Mzee alisimama uani, tai shingoni, karatasi tatu mkononi. Alisoma tarehe, alisoma hali ya kazi, alitaja siku ambayo wageni kumi na saba wa ubatizo wa Bella walihudumiwa bila choo kukwama hata mara moja. Kwa kweli alisema vizuri. Alipofika kwenye maneno "hakuna anayestahili kuondoka bila kupewa mkono," Révérien aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake, na mzee akalazimika kunywa maji, karatasi ya tatu ikabaki bila kusomwa.

Lakini hotuba ya mwenyeji haiachwi hivihivi. Upande wa wageni lazima ujibu, ndio heshima. Na aliyeteuliwa kujibu alikuwa Mathilde. Nani alimteua? Daphrose, jikoni, asubuhi ile. Na nani alimkalisha karibu kabisa na kreti ya bia? Daphrose vilevile. La kusema hakumwambia. Alimjua Mathilde, ikamtosha.

Mathilde alisimama, akashusha pumzi.

"Mi hii WC siijui," alianza. "Leo ndio mara ya kwanza ninaiona. Mutu mwenye ninajua ni ule anakuja ku robinet yangu na bidon. Asubuhi mbili, saa sita mbili, mangaribi mbili. Mvua inyeshe, jua liwake, miaka kumi na moja. Juma ile ingine bega ilimushinda, nikamutwika mi mwenyewe, akalia, akasema nisiseme. Sasa nimesema. Wakati Bella alinipigia simu asema kuko mutumishi anastaafu hapa, nilijua ni mama yake. Nilileta hata zawadi." Akafungua mkoba wake, akatoa kitenge kipya kilichokunjwa, akakiweka kwenye mapaja ya Daphrose, akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Daphrose alitaka utani, si hili. Uso ulimwaka kwa aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichotaka kumtoa machozi, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulitaja jambo lile mbele za watu.

"Mama, ni kweli?" aliuliza Bella.

Mzee alikuwa bado amesimama, karatasi moja haijasomwa. Alilitazama tanki pale mkekani. Akakitazama kigoda, ambacho siku hiyo kilikaliwa na jirani.

"Hapo juu ya hiyo kigoda," alisema polepole, "ulikuwa unapanda mara ngapi?"

"Kila ukivuta munyororo, Papa Bella."

Aliketi. Akatoa kalamu, akaigeuza karatasi ile, akaandika juu ya goti. Aliandika, akafuta, akaandika tena, na watu wakangoja na chupa zao mikononi. Aliposimama kusoma, sauti ya ofisini ilikuwa imempotea.

"Décision. Daphrose, mubeba mayi wa nyumba hii, anastaafu leo, saa kumi na dakika kumi. Alitumika bila kosa. Alipewa demande d'explication moja, nayo imefutwa." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Nafasi yake inachukuliwa na mwenye amesaini hapa chini. Kuanzia sasa hivi."

Akamfuata mkewe mahali alipoketi, akampa mkono mbele ya wote. Révérien alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Daphrose alidhani ni maneno ya sherehe. Kumbe mzee alivua koti, akaokota bidoni mbili pale ukutani, akatoka nazo getini na tai yake. Wageni walikimbilia uzioni kumsindikiza kwa macho. Ilichukua nusu saa nzima. Alirudi na bidoni moja, nyingine ameiacha kwa Mathilde imejaa, na hii moja alikuwa akiibadilisha mkono kila nyumba mbili. Suruali ililowa mpaka magotini. Alipoingia uani maji yalikuwa yamebaki robo tatu.

Miguu ya Daphrose ilitaka kuinuka kumpokea. Ilikuwa imezoea, miguu ile. Bella akamwekea mkono gotini, naye Daphrose akabaki ameketi palepale.

"Mama Bella," mzee alisema akihema, amejishika bega. "Ya leo imebaki ngapi?"

"Moja tu. Hii mupya haikunywi sana."

"Na ile ya zamani? Ilikuwa unabeba ngapi?"

"Si Mathilde amesema? Sita."

Alipapasa mfuko wa shati. Ungedhani anatafuta kifungu cha kujitetea, na ni kweli alitafuta, lakini hakukiona. Alijifuta jasho kwa tai, akageuka, akatoka tena getini kuifuata ile iliyobaki. Daphrose alifungua soda ya pili, akainywa taratibu mpaka chini, na hakuna mtu pale uani aliyethubutu kumtuma kitu.