Rangi ya Tisa

Mchezo mzima wa kompyuta ulikuwa na rangi kumi na sita tu, na kwa miaka minane katika kampuni yao ya michezo pale Osaka hakuna mchoraji aliyezijua kama Shizue. Kisha akaja Nahoko, akazitumia zilezile kuchora hekalu linaloungua, na mkuu wao akaitazama picha ile hata chai yake ikapoa.

Wivu ukamkaba Shizue. Wenzake walipokwenda kula, akafungua orodha ya rangi, akaigeuza ya tisa, ile ya chungwa, kuwa kijani. Moto wa Nahoko ukawa kama ukungu wa mkate. Alipofungua picha zake mwenyewe, mashavu ya mashujaa wake yote yalikuwa kijani.

“Dada,” Nahoko akasema nyuma yake, “ya tisa si tunaitumia sote?”

Shizue akairudisha bila kugeuka.