Sahihi ya Tatu

Wacha niseme mapema ili mtu asije akadai nilificha: mimi nina hasira za karibu. Mama alizoea kusema nilizaliwa nimenuna, mkunga akaniomba msamaha. Kwa hivyo ukisikia kwamba mimi, Wawira, niligombana na Dharmesh na Kiplimo wiki sita nzima kuhusu mahali pa kuweka programu ya viazi, usishangae. Shangaa tu kwamba hatukurushiana viti.

Programu yenyewe si ya ajabu. Wakulima wa Molo wanapima mvua na baridi kila asubuhi, wanatuma kwa meseji, programu inapiga hesabu. Hali ikiwa ile ugonjwa wa majani ya viazi unaipenda, wote mia mbili na kumi na wawili wanapata ujumbe saa nane mchana, wakitoka kula: nyunyiza dawa leo. Ugonjwa huo hauna subira, hata mimi unanishinda. Ukiupa siku tatu, shamba lililokuwa kijani linaanza kunuka. Tuliiandika watu watatu, bila malipo, na tukakubaliana iwe wazi kwa kila mtu. Anayetaka aisome, aichukue, airekebishe, awe Kitale au awe Peru.

Sasa, kitu cha wazi lazima kiwekwe mahali ambapo watu watakiona, na lazima kuwe na pahali pa kuandika nani anafanya nini. Vita vilianzia hapo.

Tulikuwa tunakutana mjini Nakuru, juu ya duka la kina Dharmesh la vipuri vya pampu za maji. Na kwa vile sisi ni Wakenya, hatungeweza kukaa watu watatu bila kuunda kamati. Dharmesh akawa mwenyekiti kwa sababu chumba ni chao. Mimi katibu kwa sababu, eti, mwandiko wangu unasomeka. Kiplimo akawa mweka hazina wa hazina ambayo haipo, na cheo hicho alikipenda mpaka akakiandika kwa barua za kuomba kazi. Tunafungua kwa maombi, tunasoma yatokanayo na mkutano uliopita, tunakunywa chai ya masala ya mamake Dharmesh, halafu tunaanza kuzozana.

Dharmesh alitaka kila kitu kikae kwa kompyuta yake mwenyewe, chini ya ngazi.

"Yetu ni yetu," alisema. "Leo hao wakubwa wanakupatia bure, kesho wamebadilisha maneno. Utaenda wapi?"

"Na stima ikipotea?" nikamuuliza.

"Niko na betri."

"Betri ya masaa mangapi?"

"Wawira, wewe unauliza maswali kama polisi wa barabarani."

Kiplimo alitaka GitHub, ule mtandao mkubwa wa kuweka programu za wazi, na hakutaka kusikia lingine. "Watu wote wako huko, manze. Msee wa kutusaidia atoke Brazil aje atutafute chini ya ngazi ya Dharmesh? Nani atamuonyesha njia?" Halafu alitaka ule ubao wa kadi, unaosukuma kazi kutoka "bado" kwenda "inafanywa" mpaka "imeisha." Alizipenda hizo kadi kupita kiasi. Alikuwa amezichagulia mpaka rangi.

Mimi nilitaka GitLab, mpinzani wake. Kazi, orodha na majaribio vyote chini ya paa moja, na siku tukitaka kuhama tunabeba nyumba yote na mapazia yake. Nilikuwa nimeandaa slaidi kumi na nne. Uliza nani mwingine aliandaa slaidi. Hakuna.

Na kwa simu, spika imewekwa kati ya vikombe, alikuwepo Mwalimu Hezekiah. Huyu amestaafu ualimu, analima Molo kwa mteremko wa juu kabisa wa kijiji chao, na yeye ndiye aliyewashawishi wale wakulima wengine wajiunge. Robo eka yake ilikuwa imepandwa mbegu safi, ya kugawia kikundi kizima msimu ujao. Hiyo robo eka ikipona, watu mia mbili wanapanda mbegu nzuri. Ikiharibika, wanarudi kununua zile za sokoni zenye magonjwa. Mwalimu hakuwa na maneno mengi. Kila mkutano alikuwa na swali moja.

"Leo asubuhi kipimo cha mvua kilikuwa sifuri," alisema, "lakini nimetoka shambani suruali imelowa mpaka magotini. Huo ni ukungu. Hiyo programu yenu inajua mvua, haijui ukungu. Sasa niandike wapi jambo hili ndio lirekebishwe?"

Niandike wapi! Tungemwambia aandike wapi na hatujakubaliana? Nikamjibu, "Mwalimu, katibu amelinukuu." Akasema sawa. Mkutano uliofuata akauliza tena, na ule mwingine akauliza tena, kwa sauti ile ile. Mwalimu haswa, haki.

Jambo moja tu tulikubaliana bila kelele, na lilikuwa langu. Kiplimo, siku moja akijaribu mitambo, alituma ujumbe kwa simu zote mia mbili na kumi na mbili: JARIBIO JARIBIO KIPLIMO NDIO KUSEMA. Wakati huo nusu ya hao wakulima walikuwa mazishini, jeneza likiteremshwa. Simu zikalia kaburini kote, ya pasta ikiwa ya kwanza. Nilikasirika, si kidogo. Mkutano uliofuata nikasimama nikasema tufanye kama chama chochote kinachojiheshimu: sahihi tatu, kama za hundi. Hakuna badiliko litakaloingia kwa programu mpaka watatu tukubali, aliyeliandika na wale wengine wawili. "Na tufunge hata mlango wa nyuma," nikasema, "mwenyekiti mwenyewe asipenye." Wakapiga makofi. Nikajiona mtu wa maana sana.

Kura ilipigwa mkutano wa sita, Jumanne, mwezi wa tano, viazi vikiwa vimetoa maua. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, betri ya Dharmesh ikazima kabla ya saa sita, na kompyuta ya chini ya ngazi ikawa kiti cha paka. Aibu ikamhamisha Dharmesh. Aliinua mkono pamoja na Kiplimo. GitHub, na zile kadi za rangi. Wawili kwa mmoja. Mimi nilikuwa bado kwa slaidi ya tisa.

"Sawa," nikasema.

Mume wangu akisikia nikisema hiyo sawa, hutafuta sababu ya kwenda kuona kama gari liko na maji. Nilikunja kompyuta yangu, nikashuka, na nikiwa kwa barabara nikanyamazisha lile kundi la WhatsApp. Simu ikaniuliza: masaa manane, wiki moja, au daima? Nikabonyeza daima.

Jumatano Kiplimo akapiga. Nikaiacha ilie mpaka ichoke. Alhamisi akapiga mara mbili. Dharmesh akapiga. Nikasema moyoni, wacha wazoee kuishi na kadi zao. Nilipika mandazi ambayo hakuna mtu aliyeyaomba, nikafua pazia safi. Nilikuwa nangoja waje wanibembeleze, ndio ukweli, na nilikuwa nimeshatunga nitakavyowajibu.

Jumamosi saa tano asubuhi akapiga Mwalimu Hezekiah. Huyo sikuwa nimemkasirikia. Nikashika.

"Wawira, mwanangu. Ule ujumbe wa ukungu uko wapi?"

"Ujumbe gani, Mwalimu?"

"Kiplimo aliniambia Jumatano kwamba kazi imeisha. Kwamba sasa tukituma namba moja kama majani yamelowa, programu itahesabu ukungu kama mvua. Nimetuma moja Jumatano, Alhamisi, jana na leo. Simu haijalia. Na majani yangu yameshika madoa. Alhamisi yalikuwa mashina machache, leo ni shamba lote."

"Ngai! Si ungenyunyiza tu, Mwalimu!"

"Niliwaambia watu mia mbili waache kunyunyiza ovyo, dawa ni ghali, wangoje simu. Ningetangulia mimi kabla ya simu, nani angeiamini tena?"

Nikavaa viatu bila soksi, nikachukua bodaboda mpaka dukani, nikapanda zile ngazi nikianza kuongea kabla sijafika juu.

"Nyinyi watu ni wa aina gani? Kazi imeisha tangu Jumatano na haijaingia! Mwalimu wa watu shamba linaungua! Ni nani hajaweka sahihi? Ni wewe, Dharmesh? Ulikuwa umelala? Semeni!"

Kiplimo aliangalia viatu vyake. Dharmesh hakubishana. Aligeuza kompyuta, akaisukuma upande wangu.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Kiplimo ameandika, Jumatano, saa kumi na moja alfajiri. Dharmesh amekubali, Jumatano, saa kumi na mbili. Chini yake, jina langu, na kando yake maneno mawili: bado inangojwa.

"Tulikupigia," Kiplimo akasema polepole.

"Si mngeondoa hiyo sheria basi! Dharmesh ni mwenyekiti!"

"Sheria ni yako," Dharmesh akasema. "Mlango wa nyuma uliufunga wewe. Tukasema hii moja tusiivunje, angalau hii, usije ukahama kabisa."

Woi. Ningekuwa na mahali pa kujificha ningejificha. Walikuwa wameogopa kunipoteza, na mimi nilikuwa nyumbani nafua pazia. Niliketi, nikabonyeza nimekubali. Pakageuka kijani. Kiplimo akasukuma kadi yake mpaka "imeisha" bila hata utani mmoja, na hapo nikajua mambo ni mabaya.

Dharmesh akachukua pikapu ya duka. Tukashika njia ya Molo wote watatu. Pale Sachangwan, barabara ikipanda, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwa lami, malori yamewasha taa mchana, na kila nilipouangalia nilikuwa nahesabu siku: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

Tulifika saa nane ikikaribia. Harufu ilitupokea kabla ya Mwalimu. Robo eka nzima ilikuwa imegeuka rangi ya majani ya chai yaliyochujwa, mashina yamelegea, na mistari yenyewe imenyooka vizuri sana, ya mtu aliyepanda kwa kamba. Mwalimu alikuwa katikati na panga. Ukishafika hapo unakata yote na kuyatoa shambani, uokoe viazi kidogo vya kula. Mbegu hapo hakuna tena.

"Karibuni," akasema. "Poleni na safari."

Sisi ndio tunaambiwa pole.

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme wakati simu zilianza kulia. Ya kwake mfukoni, halafu huko chini kwa mteremko, boma moja baada ya lingine. Mwalimu akatoa yake, akaipangusa kwa koti, akaisogeza mbali na macho.

"Nyunyiza dawa leo," akasoma. "Ukungu siku nne." Akageuka kuangalia chini. Mama mmoja alikuwa ameshatoka na pampu ya mgongoni. Jirani yake akatoka. Kwa dakika chache tuliona pampu saba, nane, zikishuka kwa viazi ambavyo bado vilikuwa kijani. "Hao watapona," akasema. "Ugonjwa huanza huku juu. Ujumbe umefika." Halafu akaniuliza, bila ukali, "Ulikuwa umekwama wapi?"

Kiplimo akaanza, "Mwalimu, mitambo ilikuwa..."

"Kazi ilikuwa imekwama kwangu," nikasema. "Ilihitaji sahihi tatu. Ya tatu ilikuwa yangu, Mwalimu, na sikuiweka."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Ulifiwa?"

"Hapana. Nilikuwa nimekasirika."

"Ulikasirikia nini?"

Na ilibidi niseme. Nikasimama kwa udongo mweusi, viatu bila soksi, nikamweleza mzee mwenye panga mkononi kwamba tulipiga kura ya mahali pa kuweka programu, kwamba mimi nilitaka pahali pengine, kwamba nilikuwa na slaidi kumi na nne na walinikatiza kwa ya tisa. Kila neno lililotoka lilikuwa dogo kuliko lililotangulia. Dharmesh aliniangalia mara moja tu, kisha akaangalia mlima. Nilitamani Mwalimu anigombeze.

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Na huko kwingine," akaniuliza, kwa upole, vile ungemuuliza mtoto wa darasa la tatu, "huko ulikotaka wewe, kungekuwa hakuhitaji hiyo sahihi yako?"

"Kungehitaji, Mwalimu," nikasema. "Sheria ingekuwa ile ile."

Akatikisa kichwa, akanipa panga, akaenda nyumbani kuleta lingine. Nikaanza kukata kwa mstari wa juu.